Uzito kabla ya kubeba mimba

Dada wa Wete, umeuliza kama kilo 82 kwa urefu wa sentimita 160 zitakusumbua ukibeba mimba. Gawa 82 kwa 1.6, yaani urefu wako kwa mita, kisha tena kwa 1.6: unapata 32, kipimo cha uzito kulingana na urefu (BMI). Kuanzia 30, uwezekano wa sukari ya mimba, presha, kifafa cha mimba na kuzaa kwa upasuaji huongezeka. Wengi huzaa salama, usitishike. Ila kupunguza hata kilo 5 sasa kunasaidia, na mimi ningeanzia kwenye chai: sukari vijiko vitatu na mandazi manne kila asubuhi ni mno. Wembamba kupita kiasi nao huweza kuleta mtoto njiti. Anza vidonge vya foliki asidi (aina ya vitamini B) sasa hivi. Ukishika mimba usijinyime chakula. Wahi kliniki upimwe presha na sukari.