Ukilazwa hujitambui, nani atakusemea?

Nina miaka 22, naendesha bodaboda Kisauni. Sina mali wala mtoto. Wosia wa matibabu, yaani karatasi ya kusema nani aniamulie nikiwa hoi, wanihusu nini?

Wakuhusu sana, kaka. Marekani, kesi tatu zilizowafumbua watu macho zilikuwa za vijana. Karen Ann Quinlan alipoteza fahamu mwaka 1975 akiwa na miaka 21. Nancy Cruzan alipata ajali ya gari mwaka 1983, miaka 25. Terri Schiavo alianguka nyumbani mwaka 1990, miaka 26. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameandika matakwa yake. Mume wa Schiavo na wakwe zake walivutana mahakamani miaka na miaka, mpaka alipofariki mwaka 2005.

Naishi Likoni na rafiki yangu, wazazi wako Lodwar. Aweza kunisemea?

Aweza, mradi umemwandika. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 yataka daktari apate idhini yako. Ukiwa huwezi kuitoa, yatolewa na uliyempa mamlaka kwa maandishi, au aliyeruhusiwa na sheria ama mahakama. Wasipokuwepo hao, ndipo jamaa wa karibu. Bila karatasi, simu itapigwa Lodwar, pengine baba yuko pasipo mtandao, na rafiki anayejua penisilini yakudhuru amekaa nje kwenye benchi.

Ukurasa mmoja watosha: “Mimi fulani, kitambulisho namba kadha, nampa fulani mamlaka ya kukubali au kukataa matibabu kwa niaba yangu nikiwa siwezi kusema.” Ongeza namba yake ya simu, dawa zinazokudhuru, na kama ungetaka mashine ya kupumulia iendelee hata madaktari wakikata tamaa. Tia sahihi na tarehe. Tafuta mashahidi wawili, asiwe huyo msemaji wako. Mpe yeye nakala, wazazi nakala. Usitegemee picha kwenye simu iliyofungwa kwa nywila. Jina na namba yake vikae kwenye pochi pamoja na kitambulisho.

Madaktari wakiiona, si wataniacha nife?

La. Maadamu waweza kujisemea, wewe ndiwe unayesikizwa, na waweza kuichana kesho uandike nyingine. Tena Kifungu cha 43 cha Katiba chakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura.

Mama asema ni uchuro.

Usibishane naye, dada. Kaa naye baada ya chakula cha jioni, umuulize yake kwanza: “Mama, ukiugua usiweze kusema, wataka nani aamue, mimi au mjomba?” Akishajibu, sema lako. Woga wake nauheshimu. Mzazi gani apenda kusikia mwanawe akitaja mahututi? Linaloniuma mimi ni mama anayewekewa fomu mbele yake usiku wa manane, aamue jambo ambalo mwanawe hakuwahi kumwambia, kisha ndugu wamlaumu maisha yake yote. Huo ndio mzigo unaomtua.

Lazima wakili?

Sheria yataka maandishi tu. Lakini kama wazazi wametengana, au nyumbani hawamtambui mchumba uliyemteua, nenda kwa wakili.