Begi la matairi kwa safari ya ndege: geuza kitako kwanza

Dada uliyeuliza ununue begi gumu la plastiki au lile refu la kitambaa lenye matairi mawili, kwa safari yako ya kwanza ya Dubai na Istanbul kufuata mzigo: chukua la kitambaa. Mimi nauza nguo za kike Kariakoo. Nimeanza safari hizo 2013, mara tatu au nne kwa mwaka, na mabegi kadhaa yamenifia njiani. Begi gumu ni zuri kwa mwenye vyombo au manukato. Sisi wa nguo tunahitaji begi linalobonyea, linaloingia kwenye buti ya teksi iliyojaa mizigo ya wengine, na linalokubali kukazwa mikanda likiwa nusu tupu wakati wa kwenda.

Ila usilichague kwa uso wake. Nikiingia duka la mabegi, kitu cha kwanza ni kuligeuza kitako juu. Wauzaji wengine hawapendi, lakini uhai wa begi la matairi uko huko chini. Zungusha tairi kwa kidole. Likizunguka kwa muda bila kelele, lina beringi. Likikwaruza na kusimama pale pale, ni plastiki tupu kwenye chuma, na halitakufikisha mbali ukiwa na kilo ishirini. Nataka tairi pana, lenye mpira au plastiki laini kidogo, lililozama nusu ndani ya begi ili lisigongwe kila likitupwa. Kisha angalia limefungwa kwa nini. Lililofungwa kwa skurubu au bolti fundi atalibadilisha. Lililopigwa ribiti likivunjika fundi atahangaika nalo, na mara nyingi ndiyo mwisho wake. Mwisho, papasa kitako chenyewe. Kiwe kigumu kuanzia kwenye matairi hadi mbali kidogo, na kona za chini ziwe na kinga ya plastiki.

Hili la kona nimejifunza kwa hasara. Mwaka 2016 nilikuwa Istanbul, hoteli yangu ikiwa Laleli, kwenye mitaa inayoteremka kuelekea Kumkapı. Aliyefika kule anajua: mteremko, mawe ya barabarani, watu wa kargo na mikokoteni yao, na wewe unapanda na begi kwenda kutafuta usafiri. Begi langu lilikuwa jipya, jekundu, zuri kwa macho. Katikati ya kilima tairi la kushoto likagoma kuzunguka. Sikujua. Nilihisi tu limekuwa zito, nikadhani nimechoka, nikaendelea kuburuza. Nilipolipokea Dar, kona ya chini ilikuwa imelika kama kisigino cha ndala kuukuu. Nyuzi zilikuwa zinaning'inia, na katika tundu la ukubwa wa kiganja zilichungulia blauzi za shifoni, mikono yake imekuwa myeusi na kuchanika. Nne hazikuuzika. Tangu siku hiyo, begi likiwa zito ghafla nasimama na kuangalia tairi kabla ya kuvuta hatua nyingine.

Sasa uzito. Kwenye ndege nyingi za daraja la kawaida, begi moja la kukabidhi kaunta mwisho wake ni kilo 23, na urefu, upana na kina ukivijumlisha visizidi sentimita 158. Mashirika mengine huhesabu jumla ya kilo badala ya idadi ya mabegi, kwa hiyo soma tiketi yako, si ya shoga yako. Na hata ukiwa na kilo nyingi za jumla, begi moja lisizidi kilo 32, kwa sababu kuna binadamu anayelinyanyua kwa mikono.

Ndani ya hizo 23, begi lenyewe limo. Watu wanasahau kabisa. Nina mizani ndogo ya kuning'inia, ile ya ndoano, na naingia nayo dukani. Nimepima mabegi mawili yanayofanana kwa ukubwa, moja kilo 3.2, jingine 4.8. Tofauti ya kilo moja na nusu na ushei ni jeans mbili na fulana juu yake, kila safari, kwa miaka yote utakayolitumia. Mimi sinunui linalozidi kilo tatu na nusu likiwa tupu.

Na usinunue kubwa kupita kiasi. Lita 80 hadi 90 zinatosha. Lile la lita 120 utalijaza, maana nafasi ikiwepo mkono hautulii, na jeans zikijaa humo umeshapita kilo 30. Nimemwona mwenzangu amepiga magoti mbele ya kaunta, foleni nzima inamtazama, anatoa nguo moja moja huku machozi yanamlenga. Pima hotelini usiku wa kuamkia safari, ukiwa bado na nafasi ya kupunguza, na ubakize kilo moja ya tahadhari kwa sababu mizani yako na ya uwanjani hazilingani kila mara.

Kupanga nako kuna namna yake. Vizito, yaani viatu, mikanda na jeans, vikae upande wa matairi, ndipo begi lisimame lenyewe. Ukiweka vizito juu litaanguka kifudifudi kila ukiliachia. Ukifungua ndani utaona mabomba mawili ya mkono wa kuvutia yamepita chini ya bitana na kuacha mifereji. Ijaze kwanza kwa fulana zilizokunjwa mviringo hadi pawe tambarare, ndipo uendelee. Nguo za rangi nyepesi nazifunga kwenye khanga kabla ya kuziingiza, maana begi la kitambaa likiachwa kwenye mvua karibu na ndege linapitisha maji. Zamani tulitumia mifuko ya plastiki, lakini Tanzania imeipiga marufuku tangu Juni 2019, na hata abiria anayeingia nayo anatakiwa kuiacha uwanjani. Khanga mbili zinafanya kazi vizuri na zinatumika ukifika.

Zipu iwe nene, meno yaonekane, na vivutio viwili vinavyokutana ili upitishe kufuli. Lakini kufuli lisikupe usingizi. Zipu ya nailoni inafunguka hata kwa ncha ya kalamu. Pesa, hati, dhahabu na simu vikae nawe. Pawabenki pia, hiyo ni sheria ya ndege: haiingii kwenye begi la kukabidhi. Ile mifuko ya nje ya begi ndiko watu huisahau, kwa hiyo ipekue yote kabla ya kufika kaunta.

Kwa kuwa unapitia Dubai, kuna jambo la huko. Tangu Machi 2017 uwanja wa Dubai unataka kila mzigo uwe na upande mmoja ulio bapa, la sivyo unaweza kukataliwa na kulazimika kuufunga upya kwenye boksi. Furushi la mviringo na begi laini lisilo na kitako ndiyo yanayopata shida. Begi lako la matairi lenye kitako kigumu linapita. Ukiliviringisha nailoni pale uwanjani, mwambie kijana aache matairi wazi. Mimi walinifunga yote mawili, nikabaki nabeba begani begi ambalo nililinunua lisibebwe.

Ukilipokea limevunjika, usitoke nje ya ukumbi wa mizigo. Nenda dawati la mizigo, lipige picha likiwa na lebo yake, na udai ripoti ya maandishi yenye namba. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa kimataifa wa usafiri wa ndege, malalamiko ya mzigo ulioharibika yapelekwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu uupokee. Mzigo uliochelewa ni siku 21. Lile begi langu jekundu sikudai chochote kwa sababu sikujua hayo, na tairi lililogoma niliweza kulibadilisha kwa fundi kwa shilingi 15,000. Blauzi ndizo sikuzirudisha.

Ukienda kununua hapo Kariakoo, nenda asubuhi maduka yakiwa bado na nafasi. Beba futi na hiyo mizani, na umwombe muuzaji akuwekee kitu kizito ndani, kisha livute nje kwenye lami hadi kona ya mtaa na kurudi.