Goti la fundi vigae: asiseme "nimeamka nalo"

Mkuu, umesema kaka yako ametandika vigae miaka 9 kwenye kampuni ya ujenzi, goti limejaa maji, na bosi anamwambia hana cha kudai kwa sababu hakuanguka popote. Si kweli. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 haidai mtu aanguke, maana ugonjwa uliotokana na kazi nao umo. Kinachotakiwa ni kuonyesha kwamba kazi ndiyo iliyouleta, na hapo ndipo mimi nilipochemka.

Nilikuwa mpakizi wa saruji kwenye ghala moja hapa Dar. Mfuko kilo 50, semi moja mifuko 600, sisi wanne. Piga hesabu mwenyewe. (Shirika la Kazi Duniani lilishapendekeza tangu 1967 mzigo wa mwanaume mmoja usizidi kilo 55. Kwa hiyo bosi alikuwa salama kwa kilo tano, ila mfuko wa 150 unauhisi tofauti na wa kwanza.)

Asubuhi moja nikashindwa kuinama kufunga kamba za viatu. Ganzi mguu wa kulia mpaka kidole gumba. Zahanati, daktari akauliza maumivu yameanza lini, nikajibu, "Nimeamka nayo tu." Akaandika hivyo hivyo. Maneno yale yalinisumbua miezi saba. Nilipopeleka karatasi kazini, afisa utumishi akanisomea kwa sauti, kisha akasema, "Basi kadai kitanda chako."

Aliyeninusuru ni bingwa wa mifupa wa hospitali nyingine. Huyo aliuliza nabeba nini, mara ngapi kwa siku, tangu mwaka gani, na yote akayaandika kwenye faili. MRI ikaonyesha diski ya chini imetoka, inabana mshipa wa fahamu. Karani wa ghala naye akanitolea nakala za fomu za kupakia zenye sahihi yangu. Hapo ndipo dai likaanza kutembea.

Kaka yako arudi hospitali, aeleze anapiga magoti saa ngapi kwa siku, juu ya zege, goti lipi analoliegemea zaidi. Ahakikishe yameandikwa. Kisha amwandikie mwajiri barua, na nakala yake igongwe muhuri wa kupokelewa. Asiache miezi 12 ipite tangu ugonjwa ujulikane. Mwajiri akikaa kimya, aende mwenyewe WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Na asitishwe na habari za makato: mchango wa mfuko ule ni wa mwajiri, kwenye mshahara wa mfanyakazi haikatwi hata senti.

Pesa? Akiwa ED, yaani daktari amempumzisha kazi, ni asilimia 70 ya mshahara, mwisho miezi 24. Akishatibiwa hadi pa kufikia, ulemavu uliobaki unapimwa kwa asilimia. Usiozidi 30 analipwa mara moja, zaidi ya hapo ni pensheni ya kila mwezi. Mimi sikufika 30. Ndugu wakashauri bodaboda, nikakataa, mgongo huu na matuta ya mtaani kwetu haviivi chungu kimoja. Nina kibanda cha miamala.

Halafu muulize: kampuni iliwahi kumpa pedi za magotini? Kama hapana, hilo nalo aliweke kwenye barua.