Kariakoo inaanzia wapi?

Ndugu, umeuliza mpaka halisi wa Kariakoo, hapa Dar es Salaam, uko wapi. Inategemea unamuuliza nani. Serikali ina kata yake ya Kariakoo, na Gerezani na Jangwani ni kata nyingine. Lakini mfanyabiashara wa Mbeya au Lubumbashi akishuka na mzigo Gerezani, atakwambia yuko Kariakoo, wala hakosei.

Zamani mpaka mmoja ulikuwa wazi: Mnazi Mmoja. Waingereza waliuacha uwanja ule kuwatenganisha Waafrika wa Kariakoo na Wahindi wa mjini. Wajerumani ndio waliopima mitaa ile iliyonyooka, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoingia, Waingereza wakaweka hapo kambi ya wapagazi wao. Tembea leo ukisoma vibao: Nyamwezi, Kongo, Swahili, Pemba. Watu walitoka kila upande, wakapanga chumba kwenye nyumba ya Kiswahili, korido katikati, uani jiko na choo cha wote. Katika mazingira hayohayo ndipo chama cha TANU kilipozaliwa mwaka 1954, pale Mtaa wa Lumumba.

Soko lile lililobuniwa na msanifu majengo Beda Amuli lilifunguliwa 1975, kisha likaungua Julai 2021. Ila kilichoibadilisha zaidi Kariakoo ni maghorofa: nyumba ya familia inavunjwa, chini maduka, juu stoo. Biashara inasogea, jina linaifuata. Wenyeji wengi wameshahamia pembezoni mwa jiji, na mimi hilo linaniuma kuliko mpaka wowote.