Omba karatasi, usiombe maelezo

Mwaka juzi nilipanda gari mara tano kutoka Mtwara mjini kufuata karatasi moja yenye kurasa tatu. Safari nne zilikuwa za bure, na kosa kubwa lilikuwa langu.

Karatasi yenyewe ni muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Mjomba wangu ndiye aliyetuachia mikorosho, maana kwetu huku juu Umakondeni mali nyingi za ukoo hufuata upande wa mama. Enzi za uhai wake alitoa kipande cha shamba kijengwe zahanati, kijiji kikamfidia kipande kingine ng'ambo ya barabara. Watu walikaa chini ya mti, wakakubali, wakatawanyika. Mjomba alipofariki akajitokeza mtu kusema kile kipande cha fidia ni cha babu yake. Mashahidi nusu wameshatangulia mbele ya haki, na waliobaki kila mmoja anakumbuka lake. Kimebaki kile kilichoandikwa siku ile.

Safari ya kwanza niliingia ofisi ya kijiji, nikatoa shikamoo, nikakaa, nikaanza kusimulia tangu mjomba alivyolima. Nikamalizia: "Kwa hiyo tunataka kujua shamba ni la nani." Mtendaji wa kijiji alikuwa mgeni, kahamia si zamani, hilo suala halijui, nenda kata. Kata wakasema mambo ya ardhi yako wilayani. Wilayani afisa ardhi yuko saiti, njoo Jumatatu. Jumatatu nikaambiwa suala hili ni la kijiji. Nilikuwa nimezunguka duara zima, na hakuna hata mmoja aliyenidanganya. Niliwauliza jambo ambalo kila mmoja alikuwa na haki ya kutolijua.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja tuliyekaa naye benchi moja kwenye korido ya halmashauri. Alikuwa amefuatilia mafao yake. Zamani alikuwa karani wa masijala. Akanisikiliza, akacheka. "Mjukuu wangu, ofisi haijui kitu. Mafaili ndiyo yanajua. Wewe unatafuta faili gani?"

Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo kabla hujapanda gari, jua jina la karatasi unayoitaka. Kijiji kina vikao viwili ambavyo watu wengi wanavichanganya. Kuna halmashauri ya kijiji, wale wajumbe waliochaguliwa, na kuna mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18 na unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Kwenye ugawaji wa ardhi, halmashauri ya kijiji huandaa na mkutano mkuu huridhia. Ukipata muhtasari wa wajumbe peke yake, anayekupinga atauliza wananchi waliridhia lini. Omba yote miwili, na uombe pia orodha ya mahudhurio, ile yenye majina, saini na dole gumba. Siku ya usuluhishi orodha ile ina nguvu kuliko unavyodhani, kwa sababu huenda anayekupinga alikuwepo na alisaini.

Kama kijiji kimeshaanza kutoa hati za hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kuna na rejista ya ardhi. Hiyo uliza kwa jina hilohilo. Ukisema "kile kitabu cha mashamba" utaletewa daftari la michango.

Jambo la pili ni mahali faili lilipolala, na huku Kusini hapo ndipo pana mtego. Mipaka yetu imemegwa mara nyingi. Mkoa wa Lindi wenyewe ulitoka Mtwara mwaka 1971. Tandahimba ilikuwa Newala, Nanyumbu ilikuwa Masasi, na Nanyamba ilikuwa ndani ya Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara kabla ya kuwa na halmashauri yake ya mji. Wilaya inapogawanywa watumishi wanahama, magari yanahama, lakini faili la mwaka 1988 linaweza kubaki kwenye kabati lilelile la zamani. Vijiji navyo vinazaana hivyohivyo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa wazee wa kwenu liwe: mwaka ule sisi tulikuwa kijiji gani, kata gani, wilaya gani? Mimi niligundua kuwa mkutano wetu ulifanyika wakati kijiji chetu bado ni kitongoji cha kijiji jirani. Ndiyo maana yule mtendaji mgeni alipekua kabati lake zima asione kitu, na mimi nikamdhania mabaya.

Kingine alichonifundisha mzee: muhtasari kwa kawaida hauishi nakala moja. Hutiwa saini na mwenyekiti na mtendaji kijijini, halafu nakala hupanda kata, na mara nyingine hufika kwa Mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya. Mchwa wakila ya kijijini, usikate tamaa; panda ngazi.

Sasa barua. Andika, hata kama mtendaji ni rafiki yako. Maneno ya mdomo hayana tarehe. Tanzania Bara tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya mwaka 2016, inayompa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Asiyejua kuandika naye ana haki. Ofisi inapaswa kumsaidia ombi lake liandikwe. Barua yangu ya safari ya tano haikujaza hata ukurasa:

"YAH: MAOMBI YA NAKALA YA MUHTASARI WA MKUTANO MKUU WA KIJIJI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni raia wa Tanzania. Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba nakala ya muhtasari wa mkutano mkuu ulioridhia eneo la zahanati, pamoja na orodha ya mahudhurio. Nipo tayari kulipia gharama za kudurufu."

Nikaweka jina la kijiji la wakati ule, mwaka, namba ya simu, basi. Habari za mjomba sikutia hata moja. Ukisimulia mgogoro ndani ya barua, mpokeaji anaona kesi, na kesi humtia mtu hofu ya kusaini chochote. Ukimwomba karatasi, anaona kazi ya dakika kumi.

Wengi wamezoea kuandika K.K., yaani kupitia kwa fulani, halafu kupitia kwa fulani. Mimi sipendi. Barua inayopita meza tatu inaweza kulala kwenye zote tatu. Iandike moja kwa moja kwa mwenye faili, wengine wawekee nakala. Halafu toa kopi mbili, peleka masijala, na usiondoke mpaka kopi yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Katibu muhtasi akikuambia "acha tu hapa nitampa bosi", mjibu kwa upole kwamba utasubiri mhuri. Siku zako 30 utazihesabu kwa mhuri ule.

Zikipita kimya, andika kumbusho ukitaja tarehe ya mhuri. Ukikataliwa, unaweza kuomba mapitio kwa mkuu wa taasisi ndani ya siku 30, na usiporidhika kuna ngazi ya Waziri. Mimi sikufika huko. Na si kila kitu kinatolewa: mambo ya usalama wa taifa, upelelezi unaoendelea na siri binafsi za watu yana kinga yake kisheria. Wakisema kuna malipo, omba kontroo namba, yaani namba ya kulipia serikalini, na udai risiti. Noti ya mkononi haina faili.

Mambo mengine hayahitaji hata barua. Mapato na matumizi ya kijiji yanatakiwa kusomwa mkutanoni na kubandikwa ubaoni. Vikao vya baraza la madiwani mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kuhusu serikali za mitaa ipo bure mtandaoni kila mwaka baada ya kuwasilishwa bungeni. Ipakue ukiwa na bando la kutosha, ni nzito.

Ratiba nayo ina maana. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba minada ikiwa imepamba moto, mtendaji utamkuta ghalani, si ofisini. Nenda asubuhi, katikati ya wiki, miezi ambayo hakuna pesa inayotembea.

Karatasi yetu niliikuta kata, si kijijini wala wilayani. Kabati la chuma, droo ya chini, jalada la kaki limefungwa kamba ya katani, pembe imeliwa na mende. Binti wa ofisi alifunua karatasi taratibu kama anayechambua mboga. Agenda ya nne: eneo la zahanati. Wino wa bluu umefifia, lakini ulisomeka: kipande cha fidia kinaanzia barabarani "hadi kwenye mwembe mkubwa". Kwenye mahudhurio, mstari wa 31, dole gumba la baba yake yule anayedai.

Nikaomba igongwe mhuri kuwa ni nakala sahihi ya halisi, maana kopi tupu hata mimi ninaweza kuichapa stendi. Kisha tukaenda nayo baraza la kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 wao wanasuluhisha tu, hawaamui. Tusipopatana, tunaelekea Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kikao cha kwanza mwenzetu alisoma ule mstari wa 31 mara mbili, akaomba muda akaongee na ndugu zake.

Mwembe wenyewe ulishakatwa kuni. Kisiki kipo, nimekipiga picha na simu, na barua ya kuomba wataalamu wa ardhi waje kupima kuanzia hapo ilipokelewa juzi. Mhuri ninao.