Ukoo wa King Crimson: namna ya kuufuata bila kupotea

Anayetaka kujua nani alipiga na nani katika roki ya progresivu ya Uingereza, yaani roki ya nyimbo ndefu zenye mpangilio tata, aanzie King Crimson, hata kama bendi ya moyo wake ni Yes au Genesis. Bendi hii ilibadilisha vikosi mara nyingi mno, na wengi waliotoka humo walikwenda kuanzisha au kujenga bendi nyingine. Ukishaushika ukoo huu, hao wengine utawakuta njiani.

Chukua karatasi kubwa, ilaze kwa upana, uchore mstari mmoja katikati. Huo ni wa Robert Fripp, mcharaza gitaa, kuanzia Januari 1969 hadi onyesho la Tokyo la tarehe 8 Desemba 2021. Ni yeye peke yake aliyekuwamo katika kila kikosi. Chini yake andika miaka, kisha acha mapengo pale bendi ilipokuwa haipo, hasa 1974 hadi 1981 na 1984 hadi 1994. Usiyaruke mapengo hayo. Gitaa la Fripp katika "Heroes" ya David Bowie ni la 1977, na kazi yake ya kutayarisha albamu ya pili ya Peter Gabriel ni ya 1978. Zote zimeangukia ndani ya pengo. Kwa hiyo anayesema King Crimson ilirekodi na Bowie amekosea: aliyerekodi ni Fripp, wakati bendi haipo.

Sasa chora matawi, na usitumie mstari wa aina moja kwa kila mtu. Mwanabendi mpe mstari mzito. Mgeni wa studio mpe vitone. Aliyejaribiwa akakosa, au aliyepangwa mpango ukavunjika, mwekee msalaba tu. Makosa mengi yanayosambaa kuhusu bendi hii yanatokana na kuchanganya aina hizi tatu. Jon Anderson wa Yes aliimba katika albamu ya Lizard ya 1970, lakini hakuwahi kuwa mwanabendi: vitone. Keith Tippett alipiga piano katika albamu tatu mfululizo, akaalikwa kujiunga, akakataa: vitone vilevile. Elton John alishapangwa kuimba katika albamu ya pili, kisha Fripp akaufuta mpango huo kabla hajaingiza sauti: msalaba. Bryan Ferry naye alijaribiwa nafasi ya uimbaji akaikosa, ila Fripp na Peter Sinfield, mtunzi wa mashairi ya bendi, walimuunganisha na EG, mameneja wao. Mwaka 1972 Sinfield huyohuyo ndiye aliyetayarisha albamu ya kwanza ya Roxy Music, bendi ya Ferry. Msalaba mmoja umezaa tawi zima, kwa hiyo usiifute misalaba.

Usichukue orodha ya majina kwenye jalada kuwa ushahidi wa uanachama. Mfano mzuri ni albamu ya pili, In the Wake of Poseidon. Michael Giles, mpiga dramu, alikuwa ameshajitoa mwisho wa 1969 pamoja na Ian McDonald, lakini dramu ni zake. Besi ilipigwa na ndugu yake, Peter Giles. Greg Lake, mwimbaji wa bendi, aliimba sehemu kubwa huku akiwa njiani kwenda kuunda ELP (Emerson, Lake & Palmer) na Keith Emerson na Carl Palmer, na wimbo mmoja, "Cadence and Cascade", ukaimbwa na Gordon Haskell. Kosa jingine la aina hiyo limo katika USA, albamu ya jukwaani iliyotoka 1975: baadhi ya fidla unazozisikia ni za Eddie Jobson, zilizoongezwa studio baadaye. Jukwaani alikuwa David Cross.

Tarehe ya kutoka kwa albamu nayo hudanganya. Red ilitoka Oktoba 1974, na bendi ilikuwa imeshavunjwa mwezi uliotangulia. Close to the Edge ya Yes ilitoka Septemba 1972 ikiwa na dramu za Bill Bruford, ambaye wakati huo alikuwa tayari upande wa King Crimson. Andika mwaka wa kurekodi na mwaka wa kutoka kando kwa kando.

Bruford anastahili nafasi ya kutosha kwenye karatasi, maana hapo ndipo mafundo makubwa yanapokutana. Alitoka Yes 1972, akakaa King Crimson hadi ilipovunjwa, 1976 akazunguka na Genesis baada ya mwimbaji wao, Peter Gabriel, kuondoka, 1978 akawa katika bendi iitwayo UK pamoja na John Wetton, Jobson na Allan Holdsworth, kisha 1981 akarudi kwa Fripp na kuwakuta Adrian Belew na Tony Levin. Wetton, mwimbaji na mpiga besi, alikwenda kuunda Asia na Steve Howe na Geoff Downes waliotoka Yes, na Palmer wa ELP. Albamu yao ya kwanza ya 1982 ilifika namba moja Marekani. Bendi zenye majina ya nchi na mabara zitakusumbua ukitafuta mtandaoni, hivyo tafuta kwa jina la mwanamuziki.

Angalia pia majina yanayofanana. Mel Collins wa saksafoni si Phil Collins wa Genesis. Jon Anderson si Ian Anderson wa Jethro Tull.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna zoezi zuri la kuijaribu karatasi yako: anza na Freddie Mercury, mzaliwa wa Mji Mkongwe, Zanzibar, 1946, uifikie King Crimson. Njia fupi ni "Under Pressure" ya 1981: kutoka Queen hadi Bowie, kutoka Bowie hadi Fripp. Lakini njia hiyo inakuingiza ndani ya pengo la 1977, inamfikia Fripp na haiifikii bendi. Njia iliyo sahihi zaidi inapitia Innuendo, wimbo wa Queen wa 1991, ambamo Steve Howe alipiga gitaa la mtindo wa flamenko kama mgeni. Toka kwa Howe nenda kwa Bruford, waliokuwa pamoja Yes hadi 1972, au kwa Wetton, waliokuwa pamoja Asia. Kutoka kwa yeyote kati yao, hatua inayofuata ni mstari mzito hadi King Crimson.