Muulize Fundi Mitambo: Utepe wa Rumours ulivyookolewa

SWALI: Shikamoo mzee. Napiga besi katika bendi ya hoteli hapa Nyali. Meneja wetu hutuambia kwamba bendi ya Fleetwood Mac walirekodi albamu ya Rumours wakiwa hawasemezani, na kwamba ugomvi ndio uliowapa mafanikio. Je, ni kweli? – Mpiga besi, Mombasa

JIBU: Marahaba mwanangu. Kugombana, waligombana kweli. Walipoingia studio ya Record Plant mjini Sausalito, California, mwanzoni mwa 1976, ndoa ya John McVie wa besi na Christine wa kinanda ilikuwa imevunjika. Lindsey Buckingham wa gitaa na mwimbaji Stevie Nicks walikuwa wakiachana, na Mick Fleetwood wa ngoma naye ndoa yake ilikuwa inakwenda mrama. Christine alitunga wimbo wa kumsifu mpenzi wake mpya, na John, mume aliyeachwa, akaupigia besi. Wewe mpiga besi utaelewa uzito wa jambo hilo.

Ila kusema ugomvi ndio uliotengeneza albamu, hapo meneja wako simuungi mkono. Bendi zilizogombana zikafa hazina idadi. Hawa walibaki studio mpaka sauti ikae sawa. Katika wimbo mmoja, nyuzi za gitaa la Buckingham zilibadilishwa kila baada ya dakika 20 hivi ili mlio usipoe. Kwa ajili ya Songbird, fundi wao Ken Caillat aliona studio haifai, wakahamia ukumbi wa Zellerbach kule Berkeley, ukiwa mtupu, Christine akapiga piano na kuimba humo. The Chain waliuunga kwa vipande vya utepe vilivyokatwa kwa wembe, na ndio wimbo pekee wa albamu hiyo ulioandikwa kwa majina ya wote watano. Ile besi ya John inayoingia peke yake kuelekea mwisho, BBC waliifanya muziki wa vipindi vyao vya mbio za Formula 1 kuanzia 1978.

Sasa nikueleze kisa ambacho meneja wako hakukisimulia. Utepe wa zama zile ni plastiki iliyopakwa unga wa sumaku. Kila unapopita kwenye vichwa vya mashine, yaani sehemu zinazonasa na kusoma sauti, unga kidogo unabanduka. Nilipokuwa chumba cha mitambo cha redio, tulifuta vichwa kwa pamba na spiriti, na pamba ilitoka na rangi ya kutu. Ile kutu ndiyo muziki wenyewe. Fleetwood Mac walirudisha utepe na kuupiga tena kwa miezi, leo waongeze gitaa, kesho sauti, mpaka wakagundua ngoma zimefifia. Mlio mkali wa sneya, ile ngoma ndogo ya mlio mkavu, na matoazi, ambao huwa wa kwanza kupotea, ulikuwa umekwenda.

Kilichowaokoa ni kwamba siku walizorekodi ngoma na besi, mashine mbili zilikuwa zikizunguka kwa pamoja, na utepe wa pili ulikaa bila kuchezwa. Basi wangehamisha kazi yote ya miezi ile iungane na ngoma zile nzima. Shida ni kwamba mashine mbili haziendi kasi moja, na hawakuwa na kifaa cha kuzifunga pamoja. Fundi mmoja wa Los Angeles akavaa hedfoni, sikio moja linasikia ngoma za utepe uliochoka, sikio la pili zile za utepe mzima, mkono uko kwenye kitasa cha kasi. Moja ikitangulia, anaipunguza. Ikichelewa, anaisukuma. Wimbo baada ya wimbo, kwa sikio na kidole tu! Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, na nakwambia mkono wa namna hiyo unastahili heshima sawa na mkono wa mpiga gitaa.

Albamu ilitoka tarehe 4 Februari 1977, ikakaa kileleni Marekani kwa wiki 31, ikachukua tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka katika sherehe za 1978, na mauzo yake yamepita nakala milioni 40. Mwambie meneja awalipe mafundi wenu vizuri.

SWALI: Kwenye simu Rumours ina wimbo wa Silver Springs, lakini kwenye santuri ya babu haumo. Kwa nini? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Nafasi. Ukirefusha upande wa santuri, mifereji inabanana na sauti inapungua nguvu. Wimbo ulikuwa mrefu, ukaondolewa, ukawekwa upande wa pili wa santuri ndogo ya wimbo wa Go Your Own Way. Stevie Nicks aliumia sana, kwani haki za wimbo huo alikuwa amempa mama yake. Uliingizwa kwenye albamu katika toleo la 2004. Santuri ya babu itunze, ndiyo sura ya 1977.

SWALI: Marehemu baba alipiga tarumbeta kwenye bendi ya dansi. Ameacha kanda kubwa za mviringo ndani ya sanduku la bati. Nataka kuzisikiliza kabla ya arobaini yake. – Binti yake, Morogoro

JIBU: Pole sana mwanangu. Nakuomba usizipige kwanza, hata ukipata mashine ya kuazima. Kanda nyingi za miaka ya 70 na 80 zimenyonya unyevu, gundi imelainika, na zikilazimishwa hunata kwenye vichwa na kubanduka unga wote. Zitoe kwenye bati, zisimamishe kama vitabu mahali pakavu pasipo na jua, mbali na spika. Usifute chochote kilichoandikwa kwenye maboksi. Kisha mtafute fundi anayejua kuzikausha kwa joto dogo la kupimwa kabla ya kuzicheza, na siku ya kuzicheza kompyuta iwe tayari inarekodi tangu sekunde ya kwanza. Arobaini ikifika kabla ya fundi kupatikana, ziache zisubiri.